Je, Wajua? Leza Nyekundu Ndani ya Raita Iliyokufa

Je, wajua kwamba raita ya DVD iliyokufa bado inaweza kuwa na leza nzima tumboni? Zama za watafsiri wa sinema Lufufu na DJ Afro, filamu zilipokuwa zikinakiliwa usiku kucha, mashine hizi hazikukosekana kwenye vibanda vya video. Flashi zikaja, intaneti ikafuata, raita zikahamia stoo. Leo ukizunguka kwa mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utazikuta zikiuzwa kwa bei ya kutupa, na nyingine zinapimwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Mara nyingi kinachozifisha ni trei kugoma kutoka, mota kuchoka au vumbi kutanda kwenye lenzi. Dayodi ya leza yenyewe, kijidude chenye upana wa milimita 5.6, imekaa pale haina kosa.

Je, wajua kwamba si kila deki inafaa kwa kazi hii? Deki ya sebuleni inasoma tu, na kusoma hakuhitaji nguvu. Miliwati 5 hivi zinatosha. Raita inaandika, na kuandika ni kuunguza tabaka la rangi lililomo ndani ya diski. Ndiyo maana raita ya kasi ya 16x hubeba dayodi nyekundu inayofikia miliwati 200 hivi. Diski ikizunguka haraka zaidi, kila nukta inapata muda mfupi zaidi wa kuungua, hivyo watengenezaji walilazimika kuongeza nguvu ya dayodi kila walipoongeza kasi. Namba iliyochapwa kwenye uso wa raita, iwe 8x, 16x au 22x, inakupa fununu ya kilichomo ndani kabla hujashika bisibisi.

Je, wajua kwamba ndani ya raita mna leza mbili, na moja ina hila? Fungua skrubu za chini, toa kifuniko, utaona kigari kidogo cha chuma kinachoteleza juu ya reli mbili. Humo mna dayodi ya DVD ya nanomita 650, nyekundu ya kuonekana, na dayodi ya CD ya nanomita 780, ambayo iko upande wa infraredi. Hii ya pili jicho huiona kama wekundu hafifu sana au halioni kitu, ilhali nayo iliwekwa ili iandike, kwa hiyo nguvu inazo. Mtu anaiwasha, anaona giza, anainama kuchungulia kwa nini haiwaki. Hapo ndipo jicho linapokwenda. Ukitaka kuzitenganisha, ipe kila moja miliampea 20 au 30 tu ikiwa imeelekezwa kwenye karatasi mezani, kamwe si usoni. Inayotoa wekundu wa wazi ndiyo yako. Nyingine irudishe kwenye boksi la taka. Zipo pia raita zilizounganisha leza zote mbili ndani ya kopo moja, na hizo anayeanza aachane nazo.

Je, wajua kwamba leza ya kwanza duniani nayo ilikuwa nyekundu? Theodore Maiman aliiwasha tarehe 16 Mei 1960 katika maabara ya Hughes huko Malibu, California, kwa fimbo ya rubi iliyozungukwa na taa ya flashi ya wapiga picha. Urefu wa wimbi lake ulikuwa nanomita 694. Jarida la Physical Review Letters lilikataa makala yake. Nature likaichapa mwezi Agosti.

Na je, wajua kwamba hati mojawapo muhimu katika historia ya leza ilithibitishwa na mwenye duka la peremende? Gordon Gould, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika mawazo yake kwenye daftari mwezi Novemba 1957, kisha akalipeleka kwa mwenye duka wa mtaani kwake aliyekuwa na mamlaka ya kugonga muhuri wa kisheria. Kesi za hataza zilizofuata zilichukua takriban miaka 30. Daftari lile ndilo lililomwokoa.

Je, wajua kwamba dayodi ya kwanza ya leza ilihitaji baridi isiyo ya kawaida? Mwezi Septemba 1962 Robert Hall wa General Electric, huko Schenectady, New York, alipata leza kutoka kwenye kipande cha galiamu arsenidi kilichozamishwa kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ilikuwa infraredi. Wiki chache baadaye Nick Holonyak wa kampuni hiyohiyo, tawi la Syracuse, akatoa nyekundu ya kuonekana kwa macho. IBM na maabara ya Lincoln ya MIT nao walifika katika muda huohuo. Timu nne ndani ya majira ya vuli moja, kila moja ikimsikia mwenzake mgongoni. Kuondoa ile nitrojeni kukawa kazi ya miaka minane mingine. Mwaka 1970 timu ya Zhores Alferov kule Leningrad, na Hayashi na Panish wa Bell Labs, waliwasha dayodi mfululizo katika joto la kawaida la chumbani. Alferov alipata Nobeli mwaka 2000. Dayodi nyekundu za aina inayokaa kwenye raita, za mchanganyiko wa alumini, galiamu, indiamu na fosforasi, zilianza kuwaka hivyo huko Japani mwaka 1985.

Je, wajua kwamba watu walikuwa wakijiundia leza nyumbani hata kabla ya dayodi kuingia kwenye deki za nyumbani? Septemba 1964 safu ya sayansi ya ridhaa ya C. L. Stong katika jarida la Scientific American ilieleza jinsi ya kuunda leza ya heliamu na neoni. Ulihitaji kupuliza kioo, pampu ya kunyonya hewa, gesi safi, vioo maalumu na umeme wa maelfu ya volti. Aliyefika mwisho alipata mwale mwekundu wa miliwati kidogo tu. Raita mbovu ya nyumbani kwako ina zaidi ya huo.

Je, wajua kwamba dayodi ya leza inaweza kuuawa na shati lako? Umeme tuli unaojijenga kwenye nguo za nailoni au poliesta unatosha kabisa, na wala hutausikia ukiruka. Fundi aliyezoea huanza kwa kufunga miguu ya dayodi kwa uzi wa waya mwembamba wa shaba usio na ganda, yote ishikane, halafu ndipo anaitoa kwenye kigari. Waya ule unabaki pale mpaka dayodi imekwisha kulehemiwa kwenye saketi yake. Wakazi wa pwani wana nafuu, maana hewa yenye unyevu haiachi umeme tuli ujikusanye sana; wa nyanda za juu wakati wa kiangazi kikavu wawe waangalifu maradufu. Pasi ya kulehemu iwe na ncha nyembamba, na mguu uguswe kwa sekunde mbili tatu basi. Joto nalo linaua.

Je, wajua kwamba dayodi iliyokufa huendelea kuwaka? Hili ndilo linalowachanganya wengi. Kila dayodi ya leza ina kizingiti cha mkondo. Chini ya kizingiti hicho inatoa mwanga wa kawaida kama LED yoyote. Ikivuka, mwanga unaanza kujirudiarudia kati ya nyuso mbili za fuwele zilizo kama vioo, na leza inazaliwa. Ukiipa mkondo wa kupita kiasi, mwanga wenyewe unaunguza uso wa fuwele yake kwa muda usioweza hata kuuhesabu. Vioo vimekufa, dayodi imebaki. Utaona doa jekundu pana, lililofifia, lisilokusanyika hata uzungushe lenzi mpaka jioni. Imekula kwako, katafute raita nyingine.

Je, wajua kwamba adui wa leza ya kujiundia ni mkondo, na volti hufuata tu? Dayodi nyekundu ya raita hutumia volti kati ya 2.2 na 3. Anayeanza huona namba hiyo akafikiri betri mbili za tochi zinatosha kuiwasha moja kwa moja. Zinaiwasha kweli, kwa muda. Dayodi ikipata joto inaruhusu mkondo zaidi kwa volti zilezile, mkondo unaongeza joto, joto linaongeza mkondo, na kwisha habari yake. Inachohitaji ni saketi inayoshikilia mkondo pale pale bila kujali volti.

Na saketi hiyo ni rahisi kuliko unavyodhani. LM317, rekebishi ya volti ya miguu mitatu iliyobuniwa na kampuni ya National Semiconductor katika miaka ya 1970, inauzwa katika karibu kila duka la vipuri vya redio. Daima inashikilia volti 1.25 kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebishia. Weka rezista kati ya miguu hiyo miwili, chukulia mkondo kutoka mguu wa kurekebishia, na mkondo wako ni 1.25 gawanya kwa omu za rezista. Omu 10 zinakupa miliampea 125. Omu 5 zinakupa 250, na hapo dayodi ya raita ya 16x inafanya kazi kwa nguvu zake karibu zote. Mimi ningeanzia na 10.

Ila wapo wanaohesabu omu wakasahau wati. Miliampea 250 zikipita kwenye volti 1.25 ni wati 0.31, na rezista ndogo ya kawaida ni ya robo wati. Itachemka, itabadilika rangi, thamani yake itahama, na mkondo utahama nayo. Dawa ni rezista mbili za omu 10 zikiwekwa sambamba: jumla yake ni omu 5, na kila moja inabeba wati 0.16 tu. Hakuna cha kununua zaidi.

Je, wajua kwamba betri ya volti 3.7 ya simu haitoshi kwa saketi hii? LM317 inajilia yake. Jumlisha volti 3 za dayodi, 1.25 za rezista na karibu 1.7 ambazo rekebishi inazihitaji ili ifanye kazi, utaona chini ya volti 6 mambo hayaendi sawa. Betri mbili za lithiamu zikifuatana, volti 7.4, zinafanya kazi vizuri. Ile betri ya mraba ya volti 9 nayo inafaa kwa majaribio, lakini inachoka haraka.

Sasa ile sababu iliyoua dayodi nyingi zaidi kuliko zote. Je, wajua kwamba saketi iliyojengwa bila kosa lolote inaweza kuua dayodi ukiwa unaiunganisha tu? Michoro mingi huweka kapasita kwenye upande wa kutoa, ili inyonye mitikisiko ya umeme. Wazo zuri. Lakini ukiwasha saketi bila dayodi ili uipime kwanza, LM317 haina mahali pa kupitisha mkondo, hivyo inapandisha volti za upande wa kutoa mpaka zikaribie za betri. Kapasita inajaa volti hizo. Unazima, unaridhika, unaunganisha dayodi yako, na kapasita inamimina vyote ilivyobeba kwa mpigo mmoja. Mwanga mkali mfupi, kisha lile doa jekundu lililofifia. Kabla ya kuunganisha, gusanisha miguu miwili ya kapasita kwa bisibisi, kila mara, hata kama una hakika uliigusanisha dakika moja iliyopita.

Mafundi makini wana njia bora zaidi ya kupima: dayodi bandia. Unafuatanisha dayodi nne za kawaida aina ya 1N4001 na rezista moja ya omu 1. Nne zikifuatana hula karibu volti 3, sawa na leza. Mita unaiweka kwenye ile omu 1, upande wa milivolti, na kila milivolti inayosomeka ni miliampea moja ya mkondo. Mita ikisoma 125, ndicho kitakachopita kwenye leza. Ikisoma 400, shukuru kwamba mkondo huo umepita kwenye dayodi za shilingi chache na si kwenye ile uliyoihangaikia. Siku hizi watu wanaruka hatua hii kwa sababu saketi tayari zinaagizwa kwa bei nafuu, lakini anayeagiza bila kupima anaamini neno la mtu asiyemjua.

Je, wajua kwamba mwale wa leza, ukitoka kwenye dayodi, si mwale hata kidogo? Unatoka kwenye ukingo mwembamba wa fuwele na kutawanyika kama feni iliyofunguka, takriban nyuzi 30 upande mmoja na 10 upande mwingine. Mstari mnyoofu unaouona kwenye picha ni kazi ya lenzi. Kwa hiyo wapenzi wa kazi hii hununua kasha dogo la shaba ya manjano, upana wa milimita 12 na urefu wa 30, lenye lenzi inayozungushwa kama skrubu. Dayodi ya milimita 5.6 inasukumizwa kwa nyuma mpaka ikae sawasawa. Isukume kwa jiliwa, polepole, nguvu ikienda kwenye ukingo wa kopo. Ukisukuma kwenye miguu umeivunja. Kasha hilo linabeba joto pia, na joto si haba, kwa kuwa katika robo tatu ya wati inayoingia kwenye dayodi ni sehemu ndogo tu inayotoka kama mwanga. Liingize kwenye bomba la alumini, na usiwashe dakika nyingi mfululizo.

Je, wajua kwamba leza nyekundu haiwezi kupasua puto jekundu kirahisi? Kitu chekundu ni chekundu kwa sababu kinaurudisha wekundu. Mwanga usiomezwa hauunguzi. Puto jeusi linapasuka mara moja. Njiti ya kiberiti yenye kichwa chekundu inachelewa. Ukiipaka wino mweusi wa kalamu ya kuandikia CD, inawaka. Karatasi nyeupe unaweza kuimulika mpaka uchoke, lakini herufi nyeusi zilizochapwa juu yake zinafuka moshi. Usiunguze plastiki ya PVC, ile ya mabomba na ganda la nyaya. Moshi wake una asidi.

Arthur Schawlow, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1981, aliigeuza kanuni hii kuwa kiini macho. Alichukua puto angavu lisilo na rangi, ndani yake mna puto la bluu iliyokoza lenye umbo la Mickey Mouse. Akapiga mwale wa rubi. La ndani likapasuka, la nje likabaki limejaa hewa. Schawlow huyohuyo, na Theodor Hänsch, walitaka kuunda leza ya kuliwa. Walijaribu ladha 12 za jeli ya dukani, hakuna iliyotoa leza, na Schawlow akazila. Hatimaye walifaulu kwa jeli isiyo na ladha iliyotiwa rangi ya maabara.

Je, wajua kwamba miliwati 200 ni nyingi kuliko jua, kwa jicho lako? Watu hucheka wakisikia miliwati. Balbu ya nyumbani ni wati kadhaa, nani ataogopa sehemu ya tano ya wati moja? Fanya hesabu. Jua la utosini linamwaga takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Mboni ikijikunja mpaka milimita 2, kinachopenya ni miliwati 3 hivi, na hapo tayari hakuna anayeweza kulitazama jua. Mwale wa leza ni mwembamba kiasi kwamba unaweza kuingia wote kwenye mboni. Kisha lenzi ya jicho, kwa kazi yake njema iliyoumbiwa, inaukusanya kwenye nukta ndogo sana juu ya retina na kuuongezea makali mara 100,000 hivi. Retina haina neva za maumivu. Unaweza kupoteza sehemu ya uoni usihisi kitu, mpaka siku utakapofunika jicho moja ukaona shimo katikati ya ukurasa.

Kanuni za kimataifa zimepanga leza kwa madaraja. Hadi miliwati 1 ni daraja la 2, ambapo kupepesa kwenyewe, kunakochukua robo sekunde, kunakulinda. Hadi 5 ni 3R. Kuanzia 5 hadi 500 ni 3B, na kupepesa hakukusaidii tena, kwa kuwa madhara yametangulia. Leza yako ya raita iko humo. Na haihitaji kukulenga moja kwa moja. Kioo cha saa, kijiko, kigae cha sakafu na mlango wa kabati la vioo vyote vinairudisha.

Je, wajua kwamba miwani ya jua haisaidii lolote hapa? Inapunguza mwanga kidogo na kuifanya mboni ifunguke zaidi. Miwani ya kinga ya leza nyekundu mara nyingi ina rangi ya bluu au kijani, sababu kazi yake ni kuumeza wekundu. Ile myekundu ni ya leza za kijani na bluu. Iandikwe waziwazi kwamba inakinga nanomita 650, na kiwango chake kiwe OD 4 au zaidi, maana yake inapitisha sehemu 1 kati ya 10,000. Miwani ya kweli ni ghali kuliko leza yote uliyounda. Maoni yangu ni kwamba asiye na pesa ya miwani asiunde ya miliwati 200. Aunde ya 5, isiyozidi hapo, na hata hiyo asielekeze usoni mwa mtu wala mnyama. Moduli ndogo ya nanomita 650, kama ile KY-008 inayopatikana kwenye vifurushi vya Arduino, inauzwa chee na haihitaji kuvunja kitu.

Tena usiamini lebo. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima vielekezi 122 vya leza. Asilimia 44 ya vile vyekundu na karibu asilimia 90 ya vya kijani havikutii kanuni za usalama.

Je, wajua kwamba tarehe 29 Machi 2022 leza ziliingia kwenye historia ya kufuzu Kombe la Dunia? Senegali na Misri walikuwa Diamniadio wakipigiana penalti, na Mohamed Salah alipiga ya kwake uso umejaa mwanga wa kijani kutoka jukwaani. Alikosa. FIFA iliitoza Senegali faranga 175,000 za Uswisi kwa makosa ya siku ile, leza zikiwemo. Kuelekeza leza kwenye ndege ni jambo zito zaidi: huko Marekani, tangu 2012, ni kosa la jinai linaloweza kukufunga miaka 5.

Mbona zile za uwanjani zilikuwa za kijani? Jicho linaona vizuri zaidi karibu na nanomita 555, na hupoteza uwezo kadiri unavyoelekea upande wa wekundu. Kwa nguvu ileile, leza ya nanomita 532 huonekana yenye mwanga mara nane hivi kuliko ya 650. Hata ndani ya wekundu kuna tofauti: 635 huonekana mara mbili ya 650. Anayetaka mwale wa kuonekana usiku asiongeze miliwati, abadilishe rangi.

Je, wajua kwamba mambo matamu zaidi ya leza nyekundu hayahitaji hata miliwati 5 kamili? Kuunguza njiti kunachosha mapema. Chukua CD kuukuu. Toboa tundu kwenye kadi nyeupe, isimamishe sentimita 10 mbele ya CD, upande wenye mng'ao ukiielekea kadi, na upitishe mwale kwenye tundu upige diski kwa unyoofu. Kwenye kadi utaona nukta nyekundu sentimita 4.4 kutoka kwenye tundu, kila upande. Badilisha uweke DVD: nukta zinaruka hadi sentimita 18, itabidi utafute kadi kubwa. Mistari ya CD imeachana kwa mikromita 1.6, ya DVD kwa 0.74, na kadiri mistari inavyobanana ndivyo mwanga unavyopinda zaidi. Umeona kwa rula kwa nini DVD hubeba mengi kuliko CD.

Wajua unene wa unywele wako? Nata unywele mmoja mbele ya leza, ukuta ukiwa mita 2. Mwanga utatawanyika kuwa mstari wenye vipande vya giza. Pima kutoka katikati hadi giza la kwanza. Zikiwa sentimita 2, unywele wako ni mikromita 65. Kanuni ni urefu wa wimbi mara umbali, gawanya kwa kipimo ulichopata. Pima wa mtoto, wa babu na wa ndevu.

Tone la maji likining'inia kwenye ncha ya bomba la sindano, mwale ukipita katikati yake, linageuka hadubini. Tumia maji ya dimbwi au ya chombo cha maua yaliyokaa siku kadhaa, na ukutani utaona vivuli vya vidudu vikikimbizana. Maji ya chupa yanachosha, hayana kitu.

Na yale madoadoa yanayometameta ndani ya doa la leza ukutani, je, wajua kwamba yanajua unavyoona? Ondoa miwani yako ya kuonea, simama mbali, tikisa kichwa polepole kulia na kushoto. Madoadoa yakienda upande mmoja na kichwa chako, jicho lina shida ya kuona karibu. Yakienda kinyume, shida ni ya mbali. Haichukui nafasi ya daktari wa macho.

Je, wajua kwamba unaweza kuzungumza juu ya mwale? Alexander Graham Bell alituma sauti kwa mwanga wa jua mwaka 1880, umbali wa mita 213, bila leza wala transista. Leo sauti ya redio inaingizwa kwenye mkondo wa leza kupitia transfoma ndogo, na upande wa pili kinachopokea ni kipaneli cha taa ya sola kilichounganishwa na spika yenye amplifaya. Pitisha kitana mbele ya mwale usikie kitakavyolia.

Je, wajua kwamba bidhaa ya kwanza kusomwa msimbo pau dukani ilikuwa pakiti ya jojo? Ilikuwa Juicy Fruit, tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, na kilichoisoma kilikuwa leza nyekundu ya heliamu na neoni, jamaa wa ile ya Stong.

Leza nyekundu imefika mbali kuliko kaunta ya duka. Tarehe 1 Agosti 1969 wanaastronomia wa kituo cha Lick, California, walipiga mwale wa rubi mwezini na kuupokea ukirudi kutoka kwenye vioo vilivyoachwa na Apollo 11 siku chache kabla. Vipimo vya namna hiyo vimeonyesha kwamba mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Na je, wajua kwamba kumchezesha paka kwa leza kuna hataza? Ilitolewa Marekani mwaka 1995, namba 5,443,036, na inaeleza kwa lugha ya kisheria, hatua kwa hatua, namna ya kusogeza nukta sakafuni ili paka aifukuze.